Balozi Katumwa na Nani?

Kuna neno la Kiswahili ambalo limeshushwa cheo na halijawahi kulalamika. Katikati ya karne ya 19, mtu wa Unguja akitaja "balozi" alikuwa anamzungumzia mgeni mwenye bendera ya nchi yake juu ya paa: wa Marekani alifika mwaka 1837, wa Uingereza akafuata 1841, wa Ufaransa 1844. Neno lenyewe lilikuwa limeshachoka kwa safari. Wavenisi walimwita mwakilishi wao kule Istanbul "bailo", Waturuki wakalitamka kwa namna yao, likateremka hadi Ghuba, na huko pwani yetu ikalipokea kama ilivyopokea maneno mengine mengi, bila kuuliza pasi ya kusafiria.

Leo ukifika Mbagala au Mwananyamala ukauliza kwa balozi ni wapi, hutaonyeshwa bendera ya nchi yoyote. Utaonyeshwa mama anayekaanga vitumbua barazani, au mzee aliyestaafu reli anayesikiliza redio chini ya mwembe. Huyo ndiye balozi wa nyumba kumi. Wengine humwita mjumbe.

Kwa muda mrefu nililiona jina hilo kama utani tu wa Waswahili, watu wanaopenda kupeana vyeo vikubwa. Siku hizi nalitazama vingine. Balozi, awe wa Ufaransa au wa nyumba kumi, ana sifa moja inayomtofautisha na kiongozi mwingine yeyote: anaishi kwa watu ambao si wao waliomtuma. Anakula chakula chao, anazika nao, watoto wake wanacheza na wao, lakini barua zake zinakwenda kwingine. Sasa huyu wetu wa barazani, katumwa na nani? Sisi tumemtuma kwa serikali, au serikali imemtuma kwetu? Swali hilo limeulizwa kwa miaka 60 hivi, tena si Tanzania peke yake, na kuna mahali majibu yake yalikuwa ya damu.

Hata jina lake la pili lina historia yake. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliwatumia maakida, na chini ya maakida wakaweka majumbe vijijini. Jumbe alikuwa mtu wa hapo hapo, lakini ndiye aliyekusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kulima pamba ya mkoloni. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, maakida na majumbe walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutafutwa. Waingereza nao, kuanzia miaka ya 1920, wakatawala kwa kupitia machifu. Majina yalibadilika, kazi ikabaki ile ile: mtu wa karibu anayesema kwa sauti ya mtu wa mbali.

Mjini hali ilikuwa ya aina nyingine. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikawa na baraza, lakini wengi wa wenye mji hawakuwa na usemi ndani yake. Meya wa kwanza Mwafrika alipatikana mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na hapa wapenzi wa fasihi mnaruhusiwa kutabasamu, maana alikuwa mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, alikuwa ameshachapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Yaani aliyetufundisha kuhesabu mizani ndiye aliyekaa kiti cha kwanza cha mji mkuu. Alifariki mwaka 1964 akiwa waziri, umri wake miaka 40. Nimemtaja si kwa kujisifia washairi tu. Nimemtaja kwa sababu kati ya kiti kile cha meya na chumba cha kupanga pale Kariakoo palikuwa na nafasi pana isiyo na mtu. Mwaka 1963 serikali huru ikaondoa mamlaka ya machifu nchi nzima, na nafasi hiyo ikazidi kupanuka. Nani sasa angemfikia mwananchi mlangoni?

TANU ikajibu kwa hesabu. Nyumba kumi, mtu mmoja. Mpango ulianza mwaka 1963 na 1964, na katiba ya chama ya mwaka 1965, mwaka ule ule nchi ilipokuwa rasmi ya chama kimoja, ikaufanya kuwa msingi wa chama chote. Wanachama wa nyumba kumi wanamchagua mmoja wao. Kazi zake zilikuwa mbili na zilielekea pande mbili: kupeleka juu matatizo ya watu, na kuleta chini maelezo ya chama na serikali. Humo humo akusanye ada za chama, ahimize kodi na kazi za kujitolea, asuluhishe ugomvi, awajue wageni, atoe taarifa za wahalifu. Mshahara hakuna.

Hebu fikiria hesabu yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, mara nyingi sita, na kila chumba kina mpangaji wake. Nyumba kumi basi ni vyumba 60. Mjumbe wa pale hakuwa na majirani kumi, alikuwa na kijiji kizima, watu wa makabila 20, hawa wanatoka saa kumi alfajiri kwenda bandarini na wale ndio wanarudi. Lakini shambani, kabla ya vijiji vya ujamaa kuwapanga watu kwenye mistari, nyumba kumi zingeweza kutawanyika mwendo wa nusu siku. Aliyeiandika "kumi" ofisini hakuwa amepiga hodi katika hizo kumi.

Pamoja na hayo jambo lilishika, na mimi naamini lilishika kwa sababu ya ugomvi. Mume kampiga mke, mpangaji hajalipa, mbuzi kaingia kwenye mchicha, maji ya kuogea yanamwagwa mlangoni kwa jirani. Mahakama ya mwanzo iko mbali na ina gharama. Mjumbe yuko hapo. Anawaita usiku, anawakalisha kwenye mkeka, anawasikiliza mpaka wachoke. Hakuna sheria iliyompa uwezo wa kumfunga mtu, na pengine ndiyo sababu watu walimsikiliza. Ukimuuliza mtu aliyekulia miaka ya 1960 na 1970 kuhusu mjumbe wao, mara chache ataanza na siasa. Ataanza na mkeka.

Kisha serikali ikafanya jambo ambalo mpaka leo linashangaza. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa madaraka mikoani, ikavunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Jina lilikuwa tamu: madaraka yanakwenda kwa wananchi. Kilichokwenda mikoani ni watumishi wa serikali kuu, na mabaraza ya kuchaguliwa yakafa. Mitaro ya mijini ikaziba, taka zikalala, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe kwa sheria ya dharura, na sheria za mwaka 1982 zikajenga upya mfumo mzima wa serikali za mitaa, zikaanza kazi 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa, na kuna viongozi wachache wa kizazi kile waliowahi kusema hivyo kuhusu jambo walilolitenda wenyewe.

Katika ile miaka ya katikati, mtaani alibaki nani? Balozi. Peke yake, na daftari lake.

Daftari hilo likawa zito zaidi bidhaa zilipoadimika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, vita vya Kagera vimekula fedha, mafuta yamepanda bei. Sukari, sabuni, unga na khanga vikawa vitu vya kupewa kwa orodha, na orodha ilihitaji mtu anayejua nyumba ipi ina watu wangapi. Aliyekuwa msuluhishi wa mbuzi na mchicha sasa ameshika kilo yako ya sukari. Wapo waliogawa kwa haki mpaka wao wenyewe wakalala bila sukari, na wapo ambao watoto wao hawakujua kama nchi ina shida. Mwaka 1983, Sokoine akiwa waziri mkuu, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo Nguvu Kazi: mtu asiye na kazi inayotambulika mjini arudishwe kijijini. Na nani anajua fulani anafanya kazi gani, analala wapi, gunia lile liliingia usiku wa jana kwa nani? Sijui kama tunaweza kumlaumu balozi mmoja mmoja. Lakini daftari la sukari na daftari la kukamatia watu lilikuwa daftari moja, na mwandiko ule ule.

Wakati huo neno lilikuwa limeshavuka mipaka, na hapa ndipo lugha yetu inapotakiwa kujitazama kwenye kioo.

Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala Aprili 1979. Iddi Amin akakimbia, na katika mji ambao hauna serikali, mpango wa Kitanzania ukafuata nyuma ya wanajeshi. Waganda wakauita "mayumba kumi". (Wanaosahihisha ngeli wameze mate, wao waliona nyumba zikiwa nyingi zinastahili "ma-".) Kwa Waganda wengi neno hilo halikuacha harufu nzuri, lilibaki na kumbukumbu za serikali ya Obote iliyorudi. Museveni na wenzake walipokuwa msituni Luwero walijenga mabaraza yao wenyewe ya vijiji, na walipochukua nchi mwaka 1986 wakayaeneza kila mahali, ndiyo yaliyokuja kuitwa LC. Mwanzoni watu walimchagua mwenyekiti kwa kujipanga foleni nyuma yake, mchana, kila jirani akimwona jirani yake kasimama wapi. Hilo nalo ni somo la ujirani, ingawa sina hakika ni somo zuri.

Rwanda walilichukua neno wakaliunganisha likawa moja, "nyumbakumi", likawa la Kinyarwanda kabisa. Katika mfumo wa chama pekee cha Habyarimana, MRND, kilichoundwa 1975, nchi ilipangwa kutoka mkoa hadi wilaya, tarafa, seli, na chini kabisa nyumbakumi. Wataalamu wa nje waliisifu sana nchi hiyo kwa mpangilio. Ukitaka watu watengeneze barabara Jumamosi, wanatoka. Aprili 1994 mpangilio ule ule ukatumika kwa kazi nyingine. Uchunguzi uliofanywa baadaye unaonyesha jinsi viongozi wa ngazi za chini, nyumbakumi wakiwemo, walivyotumika kuwaita watu kwenye vizuizi na doria, na ujuzi wao wa nani anaishi wapi ukawa chombo cha mauaji ya kimbari. Wapo viongozi wa mitaa waliokataa, waliowaficha majirani zao darini, na baadhi yao walilipa kwa uhai. Sitaki kurefusha hapa kwa sababu si mahali pa kupambia insha. Ila kila ninapomsikia mtu akisema kwa majivuno kwamba Kiswahili kimeipa dunia "safari" na "hakuna matata", namkumbusha kwamba kimetoa na neno hili.

Goma na Bukavu nako utalisikia. Na Kenya, ambako mtu wa karibu wa serikali tangu enzi za mkoloni ni chifu, asiyechaguliwa na jirani yeyote, neno liliingia mwaka 2013. Baada ya shambulio la Westgate mwezi Septemba mwaka huo, serikali ya Uhuru Kenyatta ikatangaza Nyumba Kumi kama njia ya usalama: mjue jirani yako. Hata magazeti ya Kiingereza kule yaliliandika kwa Kiswahili, halikutafsiriwa. Lakini angalia kilichobaki njiani. Kutoka Tanzania walichukua jina, na kati ya kazi zote za yule mtu wa barazani wakaanza na ile ya kujua wageni na kutoa taarifa. Mkeka haukuvuka Namanga. Wala kumi haikuwa kumi tena. Ingeweza kuwa jengo la ghorofa, soko, au mtaa wenye geti na mlinzi. Ukiishi ghorofa ya tano Nairobi, ambako unamjua jirani kwa harufu ya chapati zake tu, kuambiwa "mjue jirani yako" na mtu wa usalama ni jambo la ajabu kidogo. Wakenya hawakukataa, waliitazama kwa jicho la pembeni kama wanavyojua wao, na mahali ilipofanya kazi mara nyingi ni kwa sababu palikuwa na wazee wa mtaa waliokuwa wakisuluhisha watu tangu zamani.

Turudi kwetu. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, mfumo wa nyumba kumi ulitakiwa uamue wenyewe ni wa nani. Kisheria jibu ni rahisi: balozi ni wa chama. CCM wanaliita shina, na balozi ni kiongozi wa shina. Serikali inaanzia mtaa mjini na kitongoji kijijini, na uchaguzi wa kwanza wa ngazi hizo chini ya vyama vingi ulifanyika 1994. Sheria ikafanya na jambo la busara, sijui kwa kukusudia au kwa bahati: ikampasua yule balozi wa zamani vipande viwili. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi. Mtendaji wa mtaa anaajiriwa na halmashauri. Mmoja tumemtuma sisi, mwingine ametumwa kwetu, na kila mmoja ana meza yake, hata kama ofisi ni chumba kimoja.

Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Nenda ukafuate barua ya utambulisho, ya kufungulia akaunti benki, ya kumdhamini mtu polisi, ya kitambulisho cha taifa. Mitaa mingi bado utaambiwa, "Umepita kwa mjumbe?" Kisheria mjumbe hana mamlaka hayo. Kiutendaji, bila yeye hakuna anayekujua. Mwanachama wa chama kingine anakwenda kuthibitishwa ukaaji wake na kiongozi wa shina la chama asichokitaka, na mara nyingi, niseme ukweli, anaandikiwa vizuri tu na kuulizwa hali ya mama. Ujirani unafunika siasa. Lakini kifuniko hicho si cha kukitegemea siku zote. Mwaka 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Maelfu ya wenyeviti walipita bila kupingwa. Mwenyekiti asiyepigiwa kura hata moja na jirani yake anarudi kuwa balozi wa zamani, tena bila mkeka.

Mimi sikuwa mtu wa mikutano. Nilikuwa wale wanaoijua ofisi ya mtaa siku ya barua tu. Niliingia kwa sababu ya mtaro. Mtaani kwetu tulichangishwa fedha za mtaro, mvua za masika zikaja, mtaro haukuja. Mkutano wa wakazi uliitishwa ili isomwe taarifa ya mapato na matumizi. Wa kwanza uliahirishwa, akidi haikutimia. Wa pili vile vile. Kwenye baraza la kahawa watu walikuwa wanaijua kila shilingi iliyopotea, lakini kwenye uwanja wa shule ya msingi tulikuwa 19, na mimi nikiwa wa kwanza kuangalia saa.

Wa tatu ulitimia, na si kwa sababu ya gari la matangazo. Balozi wa upande wetu, mama wa makamo ambaye kwa sheria hana cheo chochote katika serikali ya mtaa, alipita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, jioni, akigonga. Kwangu alikaa kidogo. Nilimtania, "Mama, wewe si wa chama? Mambo ya mtaro ni ya serikali." Akacheka, akanijibu kwamba maji yakiingia ndani hayaulizi kadi.

Siku ya mkutano alikaa nyuma, si meza kuu. Taarifa ikasomwa haraka haraka, kama watu wanavyosoma wanapotaka isisikike. Kijana mmoja akauliza waliochanga ni wangapi. Meza kuu wakatazamana. Stakabadhi, walisema, ziko kwa mtu aliyesafiri. Kimya. Yule mama akafungua mkoba, akatoa daftari la kurasa 48, lile la watoto wa shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikuwa ameandika kila nyumba, kila chumba, jina, kiasi, tarehe. Hakusema kitu kirefu. Alisema, "Upande wangu ni hawa," akaanza kusoma majina, na kila aliyetajwa akawa anaitikia kama tuko darasani.

Alipofika kwangu niliitikia. Niliandikwa nusu ya kiasi kilichotakiwa, na ilikuwa kweli, maana nusu nyingine sikuitoa. Watu wakacheka. Nilimalizia siku ile ile, na akaiandika.